Kona ya Dada: Fremu ya Babu, Gurudumu la Mtumba

Barua za wachumba na za mawifi nimeziweka kando kwa leo. Mbele yangu nina barua ya binti mmoja, karani kwenye godauni la Shimanzi, Mombasa, anayeishi upande wa Changamwe na kuvuka Makupa kila siku ya kazi. Anaandika:

“Dada, babu yangu alifariki akaniachia baiskeli yake nyeusi ya zamani, ile ya breki za fito. Gurudumu la nyuma limechoka, ekseli imepinda, gololi zimelika. Nimenunua gurudumu la mtumba lenye gia saba, bado linang'aa, lakini haliingii kwenye fremu. Fundi anasema nimwachie baiskeli, ataipanua kwa mtaimbo na itakuwa tayari kabla ya adhuhuri. Kaka zangu wanasema nisijisumbue, niipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ninunue nyingine. Mimi nataka kuiendesha hii hii. Nifanyeje?”

Mdogo wangu, mtaimbo usiiguse fremu hiyo. Na kwa vyuma chakavu isiende. Hayo mawili nayasema mapema, ili kama fundi ameshakuja mlangoni umwambie kwa adabu angoje. Mengine tukae tuyazungumze polepole, maana baiskeli hii utaipanda wewe, katikati ya malori ya makontena yanayotoka bandarini, na sitaki uipande ikiwa imepindwa.

Kwanza ujue kwamba hukuuziwa kitu kibovu. Baiskeli ya babu, iwe ni Raleigh ya Nottingham, Hero ya Ludhiana au Phoenix ya Shanghai, iliundwa kwa habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya gia moja tu nyuma. Gia moja haidai nafasi kubwa, kwa hivyo midomo ya fremu, ile mikato miwili ya nyuma inayoshika ekseli, iliachwa karibu karibu: milimita 110 hivi, pengine 112 au 114. Baadaye watengenezaji wakaanza kuongeza gia. Baiskeli za mbio zilipofika gia tano nyuma, nafasi ikawa milimita 120. Gia sita na saba zikataka 126. Kuelekea mwaka 1990 zikaja gia nane, nafasi ikawa 130. Baiskeli za milimani zikashika 135, na mpya za siku hizi zinafika 142 na 148. Fremu ya babu yako imekaa palepale ilipoachwa na kiwanda, na gurudumu ulilonunua limetoka kwenye ukoo mwingine kabisa.

Sasa pima. Toa gurudumu la zamani, chukua rula ya chuma, au kalipa ikiwa fundi anayo, upime nafasi baina ya nyuso za ndani za ile midomo miwili. Andika. Ukija kwenye gurudumu jipya usipime urefu wa ekseli, wengi hukosea hapo. Pima kutoka uso wa nje wa nati ya kufungia ya upande mmoja hadi uso wa nje wa nati ya upande wa pili, yaani zile sehemu mbili zitakazogusana na fremu kwa ndani. Kwa ulivyonieleza, nakisia fremu itasoma 112 hivi na gurudumu 135. Tofauti ni milimita 23. Ukizitazama kwenye rula utaona ni kitu kidogo. Kwa fremu si kidogo hata chembe.

Nikueleze mtaimbo unafanya nini, ili usije ukashawishika. Fundi akiuingiza baina ya mikono miwili ya nyuma na kuukandamiza, nguvu inakwenda pande zote mbili, na upande ulio dhaifu ndio unaokubali kwanza. Kwenye baiskeli nyingi ulio dhaifu ni wa kulia, kwa sababu bomba la chini la upande huo limebonyezwa kidogo ili kuipisha gia ya mbele. Kwa hiyo karibu milimita zote 23 zitachukuliwa na upande mmoja. Gurudumu litaingia, utafurahi, utalipa, na njiani utaona baiskeli inakuvuta upande. Gurudumu la nyuma halifuati tena njia ya la mbele. Na kuna jambo jingine lisiloonekana: midomo ya fremu ikitanuliwa hivyo haitazamani tena sawasawa, imekaa kimshazari, na ukiikaza nati ekseli inalazimishwa kupinda. Ekseli iliyofungwa hivyo huvunjika. Unaweza ukavuka salama mwezi mzima, halafu ikakatika ukiwa na mzigo, mahali pabaya.

Hata hivyo, sitaki mtoke hapa mkidhani kupanua fremu ni haramu. Chuma kinakubali kupindwa baridi, bila moto, na mafundi wazuri wa baiskeli duniani kote wamefanya hivyo miaka mingi. Mashuruti yake ndiyo yanayosahaulika.

Shuruti la kwanza, iwe chuma kweli. Shika sumaku uiguse fremu. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, karibu kila mara ni aluminiamu, kama zilivyo fremu nyingi zinazoshushwa na mitumba siku hizi, au ni kaboni. Hizo haziguswi. Aluminiamu haisamehe kupindwa. Hupata ufa mdogo karibu na mahali ilipochomelewa, ufa unakua kimyakimya, siku moja mkono unaachana na fremu. Wadogo zangu wote wenye fremu za aluminiamu, nawasihi, tafuteni habu ya upana wenu na muachane na kupanua.

La pili ni letu sisi watu wa pwani. Hewa ya hapa ina chumvi, na Shimanzi mko mlangoni mwa bahari. Fremu inaweza kuwa nyeusi, imepakwa rangi vizuri, na ndani ya mabomba kutu imeshakula. Pa kuangalia ni karibu na pedali, pale mikono ya chini inapoungana na fremu, kwa kuwa maji huteremka na kutuama huko. Pindua baiskeli juu chini, toa kiti na bomba lake, uone kama unga wa kutu unamwagika. Gonga mabomba kidogo kwa mpini wa bisibisi usikilize kama mlio ni mmoja kila mahali. Mahali penye sauti ya ufu, au rangi iliyovimba kama kijipele, hapo chuma kimekonda. Fremu ya namna hiyo ukiipinda inakunjika.

La tatu ni kiasi. Fremu ya baiskeli ya mbio ya miaka ya 1980 yenye 126 ukiitaka ibebe habu ya 130, unahitaji milimita mbili kila upande. Wengi huvuta kwa mikono tu, gurudumu likaingia. Kutoka 112 hadi 120 ni milimita nne kila upande, kazi ya fundi mwenye subira. Kutoka 112 hadi 135 ni milimita kumi na moja na nusu kila upande, na mimi siwezi kukushauri. Wapo watakaokuambia wamefanya na baiskeli inatembea. Sibishani nao. Lakini pale karibu na pedali mabomba yatakuwa yamepindwa sana, viunzi vidogo vinavyounganisha mikono vitakuwa vimevutwa, na viungo vilivyoshikizwa kwa shaba ya kuyeyusha miaka mingi iliyopita vitabeba nguvu ambayo havikuwekewa. Fremu hiyo huwezi kuipata tena dukani. Habu unaweza.

Kwa yule ambaye tofauti yake ni ndogo, kazi inakwenda hivi, na simama karibu uangalie. Gurudumu, madigadi, keria na kifuniko cha cheni vinatoka kwanza. Fundi anachukua mbao ndefu, anaiegemeza kwenye bomba la kiti, anausukuma mkono mmoja tu. Anaachia, anapima. Chuma hurudi nyuma kidogo kila unapokiachia, kwa hiyo lazima akipite kipimo kidogo ili kikitulia kikae pale anapotaka. Haraka hapa haina nafasi. Mkono wa pili hivyo hivyo. Kisha unakuja uzi. Funga uzi wa mshoni kwenye mdomo wa kulia wa nyuma, upeleke mbele uzunguke shingo ya fremu pale inapopita foku, uurudishe hadi mdomo wa kushoto, ukaze kama waya wa gambusi. Sasa pima pengo baina ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Mapengo yakilingana, fremu imepanuka sawasawa. Yakitofautiana kwa milimita moja tu bado kuna kazi. Fundi asiyetaka kutumia uzi, mdogo wangu, mlipe soda yake uondoke na fremu yako.

Baada ya uzi ni midomo yenyewe. Tafuta ekseli mbili kuukuu, au bolti mbili ndefu zilizonyooka. Moja ifungwe kwenye mdomo wa kulia ikielekea ndani, nyingine kushoto, mpaka ncha zake zikaribie kugusana katikati. Zikitazamana uso kwa uso, midomo iko sawa. Moja ikiangalia juu na nyingine chini, au moja mbele na nyingine nyuma, mdomo unanyooshwa kwa spana kubwa, taratibu, mpaka ncha zikutane. Ni kazi fupi, na ndiyo inayookoa ekseli.

Ipo njia ya pili ambayo mafundi huipendekeza, kupunguza habu badala ya kupanua fremu. Upande wa kushoto wa habu nyingi za gia kuna vipete vya nafasi chini ya nati. Unatoa kipete, unabadilisha ekseli au kukata kilichozidi, habu inapungua upana. Inafaa kwa milimita chache. Ukitoa milimita nne kushoto, kati ya habu imesogea milimita mbili kuelekea kulia, kwa hiyo na ringi lazima isogezwe milimita mbili kulia kwa kukaza spoku za upande wa gia na kulegeza za upande wa pili. Na upande wa gia spoku tayari zimekazwa kuliko za kushoto. Ukiendelea kuvuta, kulia zinakuwa kama chuma cha pua, kushoto zinalegea, na gurudumu linakuwa bovu la kubeba mzigo. Ndiyo sababu, fremu ikiwa ya chuma na tofauti ikiwa milimita nne, naona afadhali kuipanua fremu hizo mbili mbili kuliko kuidhoofisha habu. Kwa milimita 23 njia hii haipo kabisa. Gia zenyewe zinakula nafasi na kulia hakuna cha kutoa.

Sasa nikuulize kitu, mdogo wangu, na ujijibu kwa kweli. Unataka gia, au unataka wepesi?

Nauliza kwa sababu Kisiwa cha Mombasa karibu chote ni tambarare. Kutoka Shimanzi hadi Mwembe Tayari, hadi Marikiti, hadi Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, hakuna mlima wa kukudai gia saba. Shida yako ni kupanda ukirudi nyumbani Changamwe jioni, na upepo wa kusi unaposhika. Kwa shida hiyo kuna dawa rahisi ambayo watu hawaitaji kwa kuwa haing'ai: badilisha friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni. Baiskeli ya namna hii ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara 2.44. Weka friwili ya meno 22 na utapata mara 2 kamili. Huo ni wepesi ambao magoti yatauhisi siku ya kwanza. Cheni utaiongeza pingili mbili, pengine hata usihitaji, kwa kuwa mikato ya nyuma ya fremu hizi ni mirefu na gurudumu linaweza kusogezwa mbele kidogo. Kwenye tambarare utazungusha miguu haraka kuliko ulivyozoea. Huwezi kushindana na bodaboda, na sikutaka ushindane nazo.

Tukikubaliana hapo, unachotafuta ni habu mpya, imara, yenye upana uleule wa fremu. Zipo! Na hili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu, maana nimeona vijana wengi wakiziharibu fremu za wazee wao ilhali habu ya saizi yao imelala kwenye lundo la mtumba hatua chache kutoka walipo.

Tazama baiskeli za watoto wakubwa za BMX. Habu zake za nyuma kwa kawaida zina milimita 110, nafasi ileile ya baiskeli za babu zetu. Friwili yake mara nyingi huingia kwa uzi wa skrubu ule ule wa zamani. Nyingi zimetengenezwa kwa vijana wanaoruka nazo ngazi, kwa hiyo zina beringi zilizofungwa ambazo chumvi na mchanga haviingii kwa urahisi. Chagua yenye ekseli ya kawaida ya milimita 10 au nusu pungufu. Kuna nyingine zina ekseli nene ya milimita 14, hizo hazitaingia kwenye mikato ya fremu yako bila kuichonga, na usikubali ichongwe kiasi hicho. Ikiwa habu itasoma 110 na fremu 112, weka washa nyembamba ya milimita moja kila upande na maneno yameisha.

Au chukua habu ya breki ya kurudisha pedali nyuma. Shimano wanayo moja yenye milimita 110, na zipo za viwanda vingine. Hii mimi naipenda kwa kazi yako. Breki iko ndani ya habu, mvua ya masika haiigusi, haina waya wala fito. Baiskeli za Buffalo zinazogawiwa wanafunzi na wahudumu wa afya na shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005, zimekuwa zikitumia breki ya namna hii kwa sababu hiyo: ukiwa mbali na duka la vipuri, kilicho ndani ya habu hakiharibiki ovyo. Hakikisha tu ule mkono wa chuma unaotoka kando ya habu umefungwa kwenye bomba la fremu kwa kamba yake ya chuma na bolti. Usipofungwa, siku utakayopiga breki kwa nguvu mkono huo utazunguka na gurudumu.

Na kama moyo wako unadai gia, hilo nalo lina jibu lisilohitaji mtaimbo. Tafuta habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu za ndani, ile ya AW ambayo Waingereza waliianza mwaka 1936 na ikawekwa kwenye Raleigh nyingi mno. Upana wake ni wa fremu za namna yako. Kwenye ganda la nyingi kumegongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, utajua umri wake kwa kusoma tu. Gia ya katikati ni sawa na friwili ya kawaida. Ya chini inapunguza kwa robo, ya juu inaongeza kwa thuluthi. Kwa meno yako 44 na 18, gia ya chini itakupa 1.83, nyepesi kupita hata ile friwili ya meno 22, na ukishuka unarudi gia ya juu. Inataka mafuta mepesi matone machache mara kwa mara, na waya wake urekebishwe sawasawa. Waya ukilegea, kuna mahali baina ya gia ya pili na ya tatu ambapo pedali inaporomoka bila kushika kitu, na ukiwa umesimama juu ya pedali utaangukia fremu. Washa zake maalumu zenye ulimi wa kuingia kwenye mkato wa fremu zisiachwe nje. Ndizo zinazoizuia ekseli isijizungushe. Baiskeli za mtumba za Japani nazo huja na habu za gia tatu za Shimano zenye 120 hivi, na hapo ndipo ile kazi ya mbao na uzi inapofaa, milimita nne nne.

Kuna mtego mmoja utakaokukamata dukani kama sikukuambia. Hesabu matundu. Baiskeli hizi za Kiingereza na za Kihindi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Habu nyingi za kisasa, za BMX na za breki ya ndani, zina matundu 36. Habu ya 36 haisukwi kwenye ringi ya 40. Fundi atakayekuambia ataruka matundu manne anakudanganya. Kwa hiyo ukichagua habu ya kisasa, uhesabu na ringi ya matundu 36 pamoja na spoku mpya. Ukiipata Sturmey-Archer ya zamani yenye matundu 40, ringi ya babu inabaki, ikiwa haijaliwa na kutu. Hilo peke yake linaweza kukuamulia.

Ringi mpya nayo ina swali lake. Ile ya babu ni ya inchi 28 kwa moja na nusu, ambayo pale tairi inapokaa ina kipenyo cha milimita 635. Ringi inayopatikana kwa urahisi leo ni ya 622, ile ya baiskeli za mbio na za mjini. Inaingia kwenye fremu bila taabu, lakini imepungua milimita sita na nusu kutoka kati hadi ukingoni. Breki zako za fito hubana ringi kwa upande wa ndani, kuelekea tairi, na ringi za kisasa hazina uso wa kubanwa hivyo. Ukibadilisha ringi ya nyuma, breki ya fito ya nyuma imekufa. Ndipo habu ya breki ya ndani inapojilipa yenyewe. Breki ya mbele iache na ringi yake ya asili, usiiondoe kamwe; baiskeli yenye breki moja haivuki Makupa.

Nati. Habu za kisasa nyingi zina ekseli ya milimita 10 na uzi wa milimita moja. Za Kiingereza ni robo tatu ya nusu inchi, ambayo ni milimita tisa na nusu, na uzi wake ni 26 kwa inchi. Ukizitazama zinafanana. Nati ya milimita 10 itaingia kwenye ekseli ya Kiingereza kwa vidole, itazunguka vizuri, na ukiikaza kwa nguvu itakwangua uzi wote na kuteleza. Usichanganye nati za gurudumu la zamani na za jipya kwenye kopo moja. Ekseli ya milimita 10 ikikataa kuingia kwenye mkato wa fremu, fundi apitishe tupa kidogo kwenye mkato, pande zote mbili sawa, na asiguse uzi wa ekseli.

Umeniambia ekseli ya babu imepinda. Wanaobeba mzigo mzito, wauza mkate, wauza madafu, wanaijua shida hii vizuri. Kwa friwili ya gia moja sababu huwa ni uzito, mashimo na koni zilizofungwa vibaya. Lakini mwenye kubeba mzigo aliyefungiwa habu ya gia nyingi za kufungwa kwa uzi anapata tabu zaidi: gololi za kulia zinakaa ndani sana, nyuma ya lundo la gia, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki peke yake kikibeba mzigo. Habu ambazo mwili wa gia ni sehemu ya habu yenyewe, kama Shimano walivyoanza kuzisambaza mwishoni mwa miaka ya 1970, zilisogeza gololi hadi karibu na fremu na tatizo likapungua sana. Kwa hivyo wewe msomaji mwenye fremu ya 130 au 135 na mzigo wa kila siku, ukichagua gurudumu la mtumba toa gia utazame ni aina ipi kabla hujalipa.

Fundi wako usimkasirikie. Alitaka kukusaidia kwa alichonacho mkononi, na pengine hakuna aliyewahi kumletea vipimo. Nenda naye hivi: “Fundi, shikamoo. Fremu ni 112. Nataka habu ya 110, gia moja au ya breki ya ndani, matundu yalingane na ringi. Ukimaliza kusuka, tutaligeuza gurudumu tuone.” Kuligeuza ni kuliingiza kwenye fremu kinyume, kulia kuwe kushoto, bila cheni. Likikaa katikati ya mikono kama lilivyokaa mwanzo, limesukwa sawa. Likisogea upande, bado. Fundi anayejua kazi atafurahi kukutana na mteja wa namna hiyo, na atakuheshimu.

Na kaka zako. Waambie wapime uzito wa hiyo fremu kwa bei ya kilo ya chuma chakavu, kisha waulize bei ya baiskeli ya chuma yenye mabomba mazito kama yale. Hawatarudi na jibu. Lakini zaidi ya hesabu, babu alikuachia wewe, hakuwaachia wao. Huna haja ya kujitetea kwa kutaka kuiendesha.

Lile gurudumu la gia saba usilitupe wala usilionee haya. Ni zima, na lina fremu yake mahali: baiskeli ya milimani ya mtumba yenye 135 iliyopoteza gurudumu la nyuma, zipo tele. Mpe fundi kama sehemu ya malipo, au ulibadilishe na habu ya BMX. Kisha, likishafungwa jipya, ukifika godauni asubuhi ya kwanza shika spana ukaze nati zote mbili za nyuma kabla hujaingia ofisini, kwa sababu washa na rangi hujikalia baada ya safari ya mwanzo na nati hulegea. Jumamosi ipeleke tena kwa fundi akaze spoku zilizotulia. Niandikie uniambie umechagua habu ipi, na fremu ilisoma ngapi.